Kopo Lisilo na Kioo

Mafundi wenzake walimwita Taratibu, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Lilitokana na mazoea ya kumwambia kila mteja neno hilohilo, awe amekuja na lori linalotoa moshi au pikipiki iliyogoma kuwaka: taratibu, bwana, taratibu, tutaiona. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, vidole vinene vyenye mistari myeusi isiyotoka kwa sabuni yoyote, na tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja anaposikiliza injini, kama mtu anayepewa habari asiyopenda kurudiwa.

Gereji yake ilikuwa banda la mabati lenye sakafu ya saruji iliyolowa oili ya miaka ishirini hadi ikageuka rangi ya mkaa. Kwenye ukuta wa kushoto alitundika spana zake kwa ukubwa, na nyuma ya kila moja alikuwa amechora umbo lake kwa rangi nyeupe, ili jioni ikikosekana moja nafasi yake imzomee. Ukuta wa kulia ulimtenga na mchomeleaji, mtu wa utani usiokauka. Walizungumza siku nzima kupitia tundu la bati bila kuonana nyuso.

Mwaka ule, mwezi mmoja kabla ya manyunyu kuanza, baba yake aliingiza pikapu bandani akazima injini. Hakushuka. Alikaa na mikono kwenye usukani.

"Inakunywa oili," alisema.

"Tangu lini?"

"Wewe iangalie tu. Maswali ni ya polisi."

Mzee huyo alikuwa ameendesha malori ya masafa kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo, kwa maelezo yake mwenyewe, hakuwahi kulala njiani kwa kosa la gari. Sasa alikuwa na pikapu ya dizeli yenye turbo, nyonga mbovu, na safari moja tu maishani. Kila alasiri alipanda mlima wa hospitali kwenda kumwona mke wake. Kiharusi kilikuwa kimeuchukua upande wake wa kulia pamoja na maneno yote, na huu ulikuwa mwezi wa tano akiwa kitanda cha nne karibu na dirisha. Wageni waliruhusiwa kuanzia saa nane na nusu hadi saa kumi. Mzee hakuwa amekosa hata siku moja. Basi la abiria liliishia chini ya mlima. Kutoka hapo, mtu mwenye miguu mizima alihitaji dakika arobaini kufika juu.

Taratibu aliwasha injini, akafungua mfuniko wa oili. Moshi ulitoka kwa mapigo, puf, puf, puf, kama chungu kinachosukuma kifuniko. Aliweka kiganja juu ya tundu na kuhisi pumzi ile ikimgonga, ya moto na yenye mafuta. Alizima, akafuta mkono polepole kuliko ilivyohitajika.

Injini nayo hupumua. Kila mlipuko juu ya pistoni hupenyeza upepo kidogo kwenda chini kwenye oili, na upepo huo hutafuta pa kutokea. Hutoka na umande wa oili, ukarudishwa kwa mpira kwenye bomba la hewa, mbele ya turbo, ile feni inayoisukumia injini hewa, ukaunguzwe upya. Kwa injini yenye afya ni umande tu. Kwa hii, ringi za pistoni, zile pete za kuziba upepo, zilikuwa zimelika, na kilichokuwa kinaingia kwenye turbo hakikuwa umande tena. Alifungua bomba la hewa, akaingiza kidole. Kilitoka cheusi, kikidondosha.

"Ringi zimekwisha, Baba. Inabidi tuishushe injini."

"Siku ngapi?"

"Wiki tatu. Silinda zipelekwe kuchongwa, spea zije—"

"Wiki tatu!" Mzee alicheka bila furaha. "Wewe unajua mama yako amebakiza wiki tatu ngapi?"

Taratibu alijaribu njia nyingine: angempeleka kwa pikipiki yake.

"Na nyonga hii? Utanifikisha nikiwa vipande viwili."

Angetafuta gari la kukodi.

"La nani? Dereva akwame kwenye foleni, anipigie simu, 'Mzee, nakuja, niko hapa karibu.' Nimemaliza maisha yangu barabarani, nawajua. Hapana." Ndipo aliposhuka, mguu mmoja kwanza, akishikilia mlango. "Madereva wanasema kuna kopo. Linafungwa hapa, linadaka oili kabla haijafika kwenye turbo. Nifungie hilo."

"Kopo halitibu, Baba. Linadaka tu."

"Basi lidake."

Upande wa pili wa bati, mchomeleaji aliacha kugonga. "Taratibu, mfungie Mzee kopo lake! Au unataka akupe na leso ulifutie gari pua?"

Hata Mzee alitabasamu. Kwa hiyo lilikubaliwa kopo.

Siku iliyofuata Taratibu alikwenda dukani kwa muuza spea, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye alijua kila bidhaa ilipokaa lakini hakupenda kuinuka kuifuata. Alimwonyesha rafu kwa kidole, makopo yote yakashushwa juu ya meza. Taratibu alianza kuyafungua moja baada ya jingine.

La kwanza liling'aa kama sufuria ya harusi, jekundu, lenye maandishi ya mbio za magari. Ndani lilikuwa tupu kabisa. Upepo ungeingia huku ukatoka kule bila kugusa kitu, na oili yake mkononi.

"Hili ni pambo," alisema.

"Vijana wanalipenda."

"Vijana wanapenda na makelele."

La pili lilikuwa la kienyeji, chupa ya chuma iliyojazwa nyuzi za chuma za kusugulia masufuria. Hilo hakulishika mara mbili. Alikwisha kuona turbo iliyomeza nyuzi hizo. Mapanga yake yalikuwa yamenyofoka kama meno ya mtu aliyepigwa ngumi.

Yalibaki mawili, yote ya kazi. Ndani yalikuwa na kizuizi cha kuulazimisha upepo ugeuke, na wavu wa chuma uliosokotwa vizuri, ambapo umande ungegonga, ukawa matone, ukashuka chini. Yote yalikuwa na koki ya kumwagia. Tofauti ilikuwa moja. La kwanza lilikuwa na kioo chembamba ubavuni, kama kipimajoto, kinachoonyesha oili imefika wapi. La pili lilikuwa chuma kitupu. Ukitaka kujua yaliyomo, ufungue mfuniko.

Alisimama nayo mkono huu na huu kwa muda mrefu hata muuza spea akamuuliza kama anayapima uzito au anayachumbia.

Alikuwa akimfikiria baba yake. Mzee alikuwa na desturi ya madereva wa zamani ya kufungua boneti kila asubuhi kabla ya chai: maji, oili, mkanda. Akiwa na kioo kile angeona kila siku mstari mweusi ukipanda. Angejua kila siku ni kiasi gani kimetoka. Halafu angepanda mlima ule akiwa anahesabu, angeingia wodini akihesabu, na uso wake usingeweza kumficha mama, kwa sababu mama, tangu maneno yamwishie, alikuwa anasoma nyuso tu.

"Nipe hili," alisema, akasukuma lile lisilo na kioo.

Aliondoka akijiona ametenda wema.

Alilifunga asubuhi ya Jumamosi, na Mzee akakaa juu ya tairi kuukuu kusimamia. Kwanza alitafuta mahali: mbali na turbo na bomba la moshi, kwa sababu kopo likipata joto oili haigandi ikawa matone, inapita ikiwa moshi. Alichagua kona ya mbele karibu na taa, panapopigwa na upepo. Mchomeleaji aliwatengenezea kishikio cha bati nene, akakileta mwenyewe kikiwa bado cha moto, amekibeba kwa koleo.

"Mzee, hiki kitabaki hata gari likioza."

"Wewe ndiye utaoza kwanza, kwa domo hilo."

Taratibu alikata mpira wa oili, si ule wa maji ambao ungevimba na kulainika ndani ya mwezi. Aliupitisha kutoka kwenye tundu la kupumulia la injini hadi kwenye kopo, bila mahali pa kujikunja wala kubonyea kama kikombe, oili isije ikatuama njiani. Alikaza vibano. Ukabaki mpira wa pili, wa kutoka kwenye kopo. Hapo alisimama.

"Baba, huu wa pili tunaweza kuuacha wazi, upumulie chini ya gari. Ndiyo salama zaidi. Lolote likitokea, oili inamwagika barabarani, basi."

"Na harufu?"

"Itakuwepo. Kidogo."

Mzee alivuta shati lake puani, akanusa, akaliachia. "Ule moshi unaingia ndani ya gari. Wiki iliyopita nesi kaniuliza kama natoka kuungua. Nimekaa na mama yako, nimemshika mkono, akageuza uso." "Miaka thelathini na mmoja nilimrudia nyumbani nikinuka dizeli, hakusema neno. Sasa hawezi kusema, ndiyo anageuza uso. Hapana. Rudisha kwenye injini."

Taratibu aliurudisha mpira wa pili kwenye bomba la hewa, mbele ya turbo, kama watengenezaji wa gari walivyokusudia. Ilikuwa kazi safi. Lakini alijua kilichomaanishwa na kazi hiyo. Dizeli haihitaji cheche. Ikipata chochote kinachowaka pamoja na hewa, itakiwasha. Kopo likijaa hadi mdomoni, turbo ingeanza kufyonza oili kutoka humo kama mtoto na mrija, na injini ingekimbia kwa chakula hicho, na kuzima swichi kusingeisimamisha. Kwa hiyo lilipaswa kumwagwa kabla halijajaa.

"Mimi nitakuwa nalimwaga," alisema. "Wewe usiliguse. Koki yake ina ujanja."

Koki haikuwa na ujanja wowote.

Mzee alimtazama, kisha akatazama kopo. "Haya," alisema. "Ni lako."

Tangu siku hiyo Taratibu alipita nyumbani kwa baba yake kila Jumatano na Jumamosi alfajiri. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na jiko, ile aliyokulia, na saa hiyo Mzee alikuwa bafuni na redio yake ndogo, akigombana na mtangazaji. Taratibu alifungua boneti bila kelele, akaweka chupa chini ya koki, akageuza. Alitarajia kijiko. Jumatano ya kwanza kopo lilikuwa robo. Jumamosi, robo tena. Wiki ya tatu lilifika nusu kila safari. Oili ile ilikuwa nyeusi na nyepesi, ikinuka kama kitu kilichoungua mara mbili. Aliificha chupa kwenye begi la pikipiki, akafunga boneti, akaingia ndani kunywa chai.

"Vipi kopo?" Mzee aliuliza akijifuta masikio.

"Halina kitu. Vitone tu."

"Nilikwambia."

Alidanganya kwa ulaini uliomshangaza. Yeye, ambaye kwa wateja alikuwa na mdomo mchungu wa ukweli, aliyewahi kumwambia mtu mbele ya mkewe kwamba gari lake ni jeneza lenye taa, sasa alikunywa chai ya baba yake na uongo ukateremka nayo.

Ilimchukua mwezi kutambua jambo lililokuwa mbele ya macho yake. Kila alipomaliza kumwaga kopo, alichomoa kijiti cha kupimia oili, kwa mazoea tu. Kilikuwa kimejaa. Kila mara. Alikuwa akitoa karibu lita nzima kwa wiki, na injini ilikuwa haipungukiwi.

Alisimama na kijiti mkononi, manyunyu ya kwanza ya msimu yakimdondokea shingoni, na bafuni redio ikiendelea. Kisha alizunguka nyuma ya jiko. Chini ya gunia la mkaa, zimepangwa vizuri kwa ukubwa kama spana zake mwenyewe, zilikuwepo chupa tupu za oili. Alihesabu nane, akaacha.

Mzee alikuwa anajua. Alijua tangu mwanzo. Kila asubuhi kabla ya chai alijaza kilichopungua, kisha akauliza kopo vipi, akajibiwa halina kitu, akasema nilikwambia. Mmoja alimwaga, mwingine akajaza, na kati yao ile injini ikaendelea kufa kila mmoja akidhani amemfichia mwenzake.

Taratibu alirudisha gunia kama lilivyokuwa.

Alimweleza dada yake mkubwa peke yake. Dada ndiye aliyekuwa akishinda hospitalini zamu za asubuhi, kumgeuza mama na kumlisha uji kwa kijiko. Walikutana kwenye ngazi za wodi, amechoka, kanga imemteleza begani.

"Ninyi wawili ni wagonjwa kuliko aliyelala kule ndani," alisema. "Mdogo wangu, wewe ni fundi. Gari likimfia mlimani, nani atajibu?"

"Halitamfia. Namwaga."

"Mpaka lini?"

Hilo ndilo lililomkaa kichwani. Akapata wazo, na wazo lenyewe, alipolichungulia, lilionekana la haki. Angeacha kumwaga mara moja tu. Jumatano asingelimwaga, Jumamosi dada angekuja nyumbani, na mbele yake angelifungua kopo likiwa limejaa, Mzee aone kwa macho yake. Pasingekuwa na pa kujificha, si kwake wala kwa baba. Injini ingeshushwa, na wao watatu wangepanga namna ya kumfikisha Mzee hospitalini kwa hizo wiki tatu, hata kwa kubebwa. Alipiga hesabu kama fundi: siku nne hujaza nusu, siku saba zingelifikisha mdomoni, lakini koo la mpira liko juu ya mfuniko, kwa hiyo nafasi ingebaki. Ilikuwa hesabu nzuri. Jumatano alikunywa chai yake, akaondoka bila kugusa boneti.

Aliyoyasahau yalikuwa mambo anayoyajua kila fundi wa injini. Kwanza, manyunyu. Wiki ile baridi iliingia hadi kwenye mifupa ya nyumba, na kopo lilikaa pale mbele palipopigwa na upepo, mahali alipopachagua mwenyewe kwa sababu pana ubaridi. Kwenye baridi, pumzi ya injini haidondoshi oili peke yake, hudondosha na maji. Vikichanganyika huwa uji wa kijivu, na kopo hujaa mara mbili upesi. Pili, baba yake. Mzee alijua mlima na baridi haviendani na injini mbovu, kwa hiyo alizidisha. Na injini iliyozidishiwa oili huitapika.

Ijumaa, saa nane kasoro, simu ya dada ililia gerejini. Taratibu alikuwa chini ya lori.

"Nimeshampigia Baba," alisema. Sauti yake ilikuwa tambarare. "Anakuja. Na wewe njoo. Pumzi za Mama zimebadilika."

Alitoka chini ya lori kwa kujiburuta, akasimama, akatazama ukuta wa spana bila kujua anatafuta nini. Halafu akakumbuka kopo. Alipiga simu ya baba yake, ikaita, ikaita. Mzee hakuwahi kupokea simu akiwa kwenye usukani, hata mara moja, kwa miaka thelathini na mmoja.

"Kuna nini?" mchomeleaji aliuliza kupitia tundu.

Taratibu alikuwa tayari juu ya pikipiki.

Aliikuta pikapu kwenye kona ya pili ya mlima, imeegemea ukingo, tairi za mbele zimegeuzwa kuelekea ukuta wa mlima kama dereva mzuri anavyofanya. Moshi wa buluu na mweupe ulikuwa bado umelala barabarani, mzito, haukutaka kupanda kwenye unyevu ule. Muuza maji aliyesimama kando alimweleza. Gari lilikuja likipiga kelele kama mnyama, alisema, na moshi usioona mbele. Mzee kazima swichi, watu wote wakamwona amechomoa ufunguo, kelele zikazidi. Kila mtu kakimbia. Mzee hakukimbia. Kakanyaga breki, katia gia ya juu, kaachia klachi kwa mkupuo mmoja. Gari likaruka, likafa.

"Yuko wapi?"

"Kashuka, kashika ukuta, kaenda. Nikamwambia, Mzee, kaa upumzike. Hakunisikia."

Taratibu alifungua boneti. Hakuhitaji kufungua, lakini alifungua. Aligeuza mfuniko wa kopo, na uji wa kijivu ulimwagika juu ya vidole vyake, wa vuguvugu bado.

Kilomita iliyobaki alipanda akitazama ukingo wa barabara, akitarajia kumwona baba yake ameketi kwenye kila jiwe. Hakumwona. Mzee alikuwa amefika. Alimkuta kwenye benchi nje ya wodi, shati limemganda mgongoni, viatu vimejaa matope, mguu wa nyonga mbovu umenyooshwa mbele kama kitu cha mtu mwingine. Ndani, pazia la kitanda cha nne lilikuwa limevutwa. Dada alisimama mlangoni.

"Amechelewa dakika ngapi?" Taratibu alimuuliza kwa kunong'ona.

"Usiniulize."

"Dada."

"Ishirini. Labda kidogo zaidi." Aligeuza uso. "Alikuwa anautazama mlango."

Harufu ya oili iliyoungua ilitoka kwenye nguo za wote wawili, baba na mwana, ikajaza ukumbi, na nesi aliyepita akafungua dirisha bila kuuliza.

Walimzika mama Jumapili. Watu walikuja, wakaketi, wakaondoka, na kila mmoja alimwambia Mzee kwamba alikuwa mume mwema, hakukosa hata siku moja. Taratibu aliyasikia hayo kila mara yalipotamkwa.

Siku ya tisa pikapu iliingia gerejini ikiwa imefungwa kamba nyuma ya gari la mchomeleaji, Mzee kwenye usukani, akifunga breki kwa ustadi ili kamba isilegee. Mchomeleaji alifungua kamba, akaona nyuso zao, akaenda upande wake wa bati bila utani. Hata nyundo yake hakuigusa.

Mzee alikaa juu ya tairi lilelile. Alionekana mdogo zaidi, kama aliyevaa nguo za kaka yake.

Taratibu alikuwa amejiandaa kwa siku zote hizo, lakini maneno yalitoka vibaya, bila mpango. "Baba, lile kopo. Jumatano ile sikulimwaga. Niliacha makusudi. Nilitaka ulione limejaa, ukubali tuishushe. Nilikuwa nakudanganya. Halikuwahi kuwa tupu."

Mzee aliangalia mikono yake.

"Nilijua unalimwaga," alisema. "Ulikuwa unafunga boneti kwa kulibembeleza. Mtu mwenye mkono msafi hulibamiza."

"Kwa nini hukulifungua hata mara moja? Ulikuwa unafungua boneti kila siku."

"Ulisema ni lako." Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayetaja jina la kituo. "Nikasema, hilo analo yeye. Mimi nina oili. Kila mtu na lake. Asubuhi ile niliongeza lita nzima. Kwa ajili ya mlima. Nilitaka ifike."

Manyunyu yalikuwa yakigonga bati. Taratibu alitaka baba yake amtukane. Angempa hata spana amrushie. Alingoja. Mzee alinyoosha mkono, si kumpiga, kuomba kuinuliwa. Taratibu alimshika chini ya kwapa na kumsimamisha, na kwa mara ya kwanza akahisi jinsi mifupa ya baba yake ilivyokuwa myepesi. Mzee alisogea hadi kwenye pikapu, akaweka kiganja juu ya boneti baridi.

"Kopo lako lilikuwa zuri," alisema. "Ulilifunga vizuri."

Hilo ndilo lililomvunja Taratibu. Aligeukia ukuta, akajifanya anatafuta spana. Maumbo meupe yalimtazama, kila moja na chuma chake mahali pake, hakuna hata moja lililokosekana.

Nyuma yake Mzee alikohoa.

"Sasa ishushe," alisema. "Wiki tatu tunazo."